Nintendo World Cup ya mwaka 1990: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kuicheza leo

Ukishajulikana kwamba bado unacheza gemu za kaseti, maswali hayaishi, na mengi ni yaleyale, leo anauliza binamu, kesho jirani, keshokutwa mtu umekutana nae kwa fundi. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia sana kuhusu gemu moja tu, ile ya mpira ninayoipenda kuliko zote za enzi zile. Juu ni ya wanaoanza, chini ni ya waliokwisha kubobea, na pale ambapo jibu lipo kwenye swali jingine nitakuelekeza uende huko.

## Gemu yenyewe

Hii ndo ile "Soccer" iliyokuwa kwenye kaseti za gemu nyingi?

Hapana, na watu wengi sana wanazichanganya. Ile Soccer ni ya Nintendo wenyewe, ilitoka Japani Aprili 1985, ina timu 7 na mpira wake ni wa taratibu wa kistaarabu. Nintendo World Cup ilitengenezwa na kampuni ya Kijapani inaitwa Technōs, ilitoka kule Japani tarehe 18 Mei 1990 na mwisho wa mwaka huohuo ikaingia Marekani. Ina timu za taifa 13 na haina ustaarabu wowote, hakuna rafu, hakuna kuotea, refa hakuoni. Ukimpiga mtu kikumbo akaanguka mechi inaendelea kama kawaida.

Njia rahisi ya kuzitofautisha: kama unaweza kumgonga mtu mpaka akalala chini na mechi ikaendelea, hiyo ndo World Cup.

Kwanini wachezaji wana vichwa vikubwa na wanapigana hivyo?

Kwa sababu asili yake sio gemu ya Kombe la Dunia kabisa. Kule Japani ni mojawapo ya gemu za Kunio, kijana mtukutu wa sekondari, na hadithi yake ni kwamba timu ya mpira ya shule imekwama halafu yeye na wenzake wa timu ya kurushiana mpira wanaombwa wakaisaidie. Wapinzani ni shule nyingine. Ilipopelekwa nje ya Japani wakaondoa shule wakaweka mataifa, wakabadilisha sura na majina, ila tabia ya gemu ikabaki ileile ya vijana wa mtaani. Ndo maana kwa mtu aliyekulia kwenye chandimu inaeleweka haraka mno: sita kwa sita na kipa humo humo, uwanja wowote, anayelia anatoka.

Kuna timu yoyote ya Afrika?

Ipo moja, Kamerun. Na mwaka wenyewe ni 1990, Kamerun ile ya Roger Milla, iliyofungua Kombe la Dunia Italia kwa kumfunga bingwa mtetezi Argentina 1-0 huku wakimaliza mechi wakiwa 9 uwanjani, wakafika robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, wakatolewa na England 3-2 baada ya dakika za nyongeza. Misri nao walikuwa Italia mwaka ule ila kwenye gemu hawamo. Mimi huwa nachukua Kamerun kila ninapoanza upya na sijawahi kuona sababu ya kuchukua nyingine.

Na Goal 3 je? Mbona wachezaji wanafanana kabisa?

Wanafanana kwa sababu ni ukoo mmoja. "Goal 3" ni jina walilobandika watengenezaji wa kaseti za kopi. Gemu yenyewe inaitwa Kunio-kun no Nekketsu Soccer League, nayo ni ya Technōs, ya mwaka 1993. Zipo kweli gemu zinaitwa Goal! na Goal! Two, ila hizo ni za kampuni nyingine, Jaleco, hazihusiani kabisa na hii.

Goal 3 ina mambo mengi zaidi, hali ya hewa inaingia uwanjani, upepo unapeperusha mpira na watu. Ni nzuri, sibishi. Lakini kwa mtu anayeanza namshauri World Cup kwanza kwa sababu maandishi yake ni ya Kiingereza na menyu zake ni chache, Goal 3 nyingi utakuta Kijapani na utakuwa unabahatisha.

## Kuipata

Nina kaseti imeandikwa 999999 in 1, mbona World Cup haimo?

Hizo namba ni za kuuzia tu. Ukishuka chini kwenye orodha utaona gemu zilezile zimerudiwa kwa majina tofauti, au ni ileile ila inaanzia hatua ya tatu. Sababu ya World Cup kukosekana ni ya kiufundi: gemu za miaka ya 1983 mpaka 1985 ni ndogo sana na hazihitaji kitu chochote cha ziada ndani ya kaseti, kwahiyo unazijaza kwa bei rahisi. World Cup ni kubwa mara kadhaa kuliko hizo na inahitaji chipu ya kusaidia ndani ya kaseti (inaitwa MMC3), hiyo inaongeza gharama. Tafuta kaseti yenye gemu chache, 4 au 7 hivi, au yenye gemu moja tu.

Ulaya iliuzwa pia kaseti halali yenye gemu tatu, Super Mario Bros., Tetris na hii World Cup. Ukiwa na ndugu huko anayepita kwenye masoko ya vitu vilivyotumika mwambie aiangalie hiyo. Ila soma kwanza swali linalofuata kabla hajalipa.

Kaseti ya Ulaya au Marekani itaingia kwenye mashine yangu ya hapa?

Mashine nyingi zilizouzwa kwetu ni kopi za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani, kaseti zake zina pini 60. NES, yaani mashine hiyohiyo ilivyouzwa Ulaya na Marekani, kaseti zake zina pini 72 na ni kubwa zaidi, haziingii hata ukilazimisha, na ukilazimisha utavunja soketi. Vipo vibadilishio vya kutoka 72 kwenda 60 na kinyume chake, vinafanya kazi vizuri tu.

Naweza kuicheza kwenye simu au kompyuta?

Ndio, kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu. Kwenye kompyuta Mesen ni nzuri sana, kwenye simu RetroArch inatosha. Hata simu ya bei ya chini kabisa ya leo inaibeba bila kutoa jasho.

Shida ya simu ni vidole. Gemu hii inakutaka ubonyeze A na B kwa pamoja (tazama swali la tikitaka) na kwenye kioo kisicho na vitufe hilo ni gumu, kwahiyo tafuta mpangilio wenye kitufe cha tatu kinachofanya A+B, au nunua pedi ya USB uchomeke kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vitu vya USB kwenye simu.

Na sheria inasemaje?

Faili la gemu ni mali ya mwenye haki, hata kama gemu ina miaka zaidi ya 30, na kulipakua bure ni kukiuka hakimiliki. Njia safi ipo: Technōs ilifilisika mwaka 1996, haki za gemu zake sasa zipo kwa Arc System Works, nao mwaka 2020 walitoa mkusanyiko unaoitwa Double Dragon & Kunio-kun: Retro Brawler Bundle. Ndani yake kuna gemu hii na ile watu wanayoiita Goal 3, zote zimetafsiriwa Kiingereza. Jua tu kwamba ni toleo la Kijapani, lile la shule, sio la mataifa. Kamerun hutaikuta. Mchezo wenyewe miguuni ni uleule.

## Mashine na TV

Analojia ilishazimwa, ile mashine yenye waya wa antena bado itashika?

Itashika. Hili swali naulizwa kuliko yote na nimeona watu wametupa mashine nzima kwa sababu hiyo. Kilichozimwa, Tanzania kuanzia Desemba 31 mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015, ni minara ya vituo vya TV. Mashine yako haisubiri mnara, yenyewe ndo kituo, inatengeneza mawimbi yake na kuyapeleka kwa waya moja kwa moja kwenye TV. Chomeka kwenye tundu la antena la TV, sio la king'amuzi, halafu tafuta chaneli kwa mkono upande wa analojia mpaka picha itokee.

Kama mashine ina matundu ya AV, la njano la picha na jeupe la sauti, achana na antena, tumia hayo. Picha inatulia zaidi.

Kwenye TV ya flati najiona nachelewa, nabonyeza mpira umeshapita. Nimezeeka?

Hujazeeka, ni TV. Ile TV ya chogo ilikuwa inachora picha papo hapo inavyoipokea. Flati inaipokea kwanza, inaikuza, inaisafisha, ndo inakuonyesha, na kipindi hicho mpira wa tikitaka umeshakupita kichwani. Ingia kwenye setingi za picha uwashe hali ya gemu, zima kila kitu kinachodai kulainisha mwendo. Itapungua, haitaisha.

Kama unaipenda kweli hii gemu tafuta TV ya chogo. Watu wanazo stoo zimefunikwa kitenge, wanatamani mtu aje azibebe, yangu ya inchi 14 nilipewa bure na mama mmoja mtaani kwa sharti kwamba niitoe siku hiyohiyo. Siku ya kwanza niliyoichomeka nilifunga tikitaka nne mfululizo, na wiki nzima kabla yake kwenye flati nilikuwa sijafunga hata moja.

Kwenye RetroArch kuna kitu kinaitwa run-ahead kinachopunguza kuchelewa kwa upande wa emuleta, washa, weka 1.

Kaseti haisomi, nipulize?

Usipulize. Kila mtu alipuliza na ilionekana inasaidia, lakini kilichokuwa kinasaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, pini zinajisugua. Pumzi ina unyevu na unyevu unakula madini ya pini.

Chukua pamba ya masikio, chovya kwenye spiriti, sugua pini taratibu kutoka ndani kwenda nje. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi kama masizi ya kibatari, ya pili kijivu, ya tatu au ya nne inatoka nyeupe na hapo umemaliza. Acha ikauke dakika kumi. Kaseti ambayo nilishaambiwa imekufa iliwaka namna hiyo, na inawaka mpaka leo.

Adapta imepotea, nichomeke yoyote inayoingia?

Tafadhali usifanye hivyo. Soma nyuma ya mashine imeandikwa volti ngapi na alama ya chanya ipo katikati au nje, ndo utafute inayolingana. Nyingi ni 9V lakini alama zinatofautiana. Na ukiletewa NES ya Marekani na adapta yake, ile adapta ni ya umeme wa 120V, ukutani kwetu ni 230V au 240V, inaungua sekunde hiyohiyo na harufu yake hutaisahau. Mimi niliunguza moja namna hiyo, mashine ilipona kwa bahati tu.

Pedi za mashine moja zinaingia kwenye nyingine?

Tundu la pini 9 linafanana kwa Sega, Atari na kopi nyingi za Famicom, lakini nyaya za ndani zimepangwa tofauti. Kuingia haimaanishi kufanya kazi, na inaweza kuharibu. Nunua pedi ya mashine yako.

## Uwanjani

Nabonyeza lakini namwona mtu mmoja tu ndo anatembea kwa amri yangu. Ni mbovu?

Sio mbovu, na hapa ndo watu wengi wanaiacha gemu nzuri kabla hawajaielewa. Kwenye gemu nyingine za mpira unahama kutoka mchezaji hadi mchezaji. Hapa unamwendesha mmoja tu dakika zote, nahodha, wengine wanacheza wenyewe na kipa wako anajitegemea. Kazi yako ni kuwapigia kelele. Mwenzako akiwa na mpira ukibonyeza A unamwambia toa pasi, ukibonyeza B unamwambia piga. Na wanasikia! Ukiwa na mpira wewe mwenyewe A ni pasi, B ni shuti, na mpira ukiwa kwa adui vitufe vinakuwa vya kukaba, kuteleza kwa miguu na kupiga kikumbo.

Kwahiyo usikimbizane na mpira kama watoto wa chekechea wanavyoufuata wote kwa pamoja. Kaa mahali pazuri uite. Siku utakayoacha kukimbia hovyo ukaanza kuamrisha ndo siku utakayoanza kushinda, ni kama kuwa namba kumi na kocha kwa wakati mmoja. Kabla ya mechi kuna menyu ya mbinu, ipitie, unapanga wenzako wacheze vipi wakati hujawaita.

Tikitaka na yale mashuti ya ajabu yanapigwaje?

A na B kwa pamoja mpira ukiwa hewani karibu yako. Ukiupa goli mgongo anapinduka tikitaka, ukilielekea anachupa kwa kichwa.

Nakuonyesha ninavyofanya mimi. Mwenzangu yupo winga na mpira, namwacha aende. Mimi nasimama nje kidogo ya boksi, sio ndani, maana ndani mabeki wanakugonga. Nabonyeza A, anainua pasi ya juu, natazama kivuli cha mpira kwenye nyasi sio mpira wenyewe, kivuli kikikaribia miguu yangu nabonyeza A+B. Likitoka shuti la kawaida kipa anaweza kudaka. Likitoka la ajabu, mpira unabadilika kabisa namna unavyoruka, beki aliyesimama njiani anatupwa pembeni, na kipa akijaribu kudaka anaingia nao wavuni.

Kila timu ina shuti lake na kila kipindi yana idadi, yakiisha yameisha. Usiyamalize mapema. Mi huwa nabakiza mawili ya dakika za mwisho.

Kuwapiga wapinzani kunasaidia au ni vurugu tu?

Inasaidia sana. Mchezaji akigongwa mara nyingi analala na hainuki tena kipindi hicho, unabaki unacheza sita dhidi ya wanne. Mgonge beki wa kati kwanza. Lakini nao wanakugonga hivyohivyo, kwahiyo toa mpira mapema, anayekaa na mpira ndo anayelazwa.

Wangapi wanaweza kucheza?

Wawili kwenye mashine yoyote, mkipambana au mkiwa timu moja kwenye mashindano, na hii ya timu moja ndo tamu mno, mmoja anainua mwingine anapindua. Wanne inawezekana kwenye NES halisi yenye kifaa cha Four Score, kopi zetu nyingi hazikipokei. Mkicheza mechi ya wawili mnachagua uwanja pia: udongo, mchanga, barafu, saruji. Wa barafu ukianza kukimbia kusimama ni shughuli, mgeni usimpeleke huko mechi ya kwanza.

## Kwa waliobobea

Wachezaji wanapotea potea na gemu inakuwa nzito. Kaseti mbovu?

Hapana, ndivyo ilivyo hata kwenye kaseti mpya kabisa. Mashine ile haiwezi kuchora vipande vinavyotembea zaidi ya 8 kwenye mstari mmoja wa kioo, na hapa una watu 12 wenye vichwa vikubwa. Wakijipanga mstari mmoja inabidi iwaonyeshe kwa zamu, ndo ule kumetameta. Uzito unakuja pale inapohesabu mambo mengi kwa mpigo. Emuleta nyingi zina setingi ya kuondoa kikomo cha 8. Mi naiacha ilivyo, kwa sababu ule mpunguo wa kasi nimeshauzoea kwenye kupima tikitaka.

Mbona video za Wamarekani mtandaoni inakimbia kuliko yangu?

Japani na Marekani picha ni 60 kwa sekunde, kwetu tulirithi PAL, mfumo wa picha za TV ambao ni 50. Gemu iliyoandikwa kwa 60 ikichezwa kwa 50 bila kurekebishwa inaenda taratibu kwa karibu asilimia 17, muziki pia. Kama umezoea ya kwetu ukiicheza kwa 60 utaona watu wanakurupuka, jipe siku mbili tatu. Kwenye emuleta unachagua mwenyewe.

Nimecheza na jamaa aliye nchi nyingine, ikawa inaganda. Tufanyeje?

RetroArch ina sehemu ya kucheza kwa mtandao na gemu yenyewe ni nyepesi, kinachoganda ni safari ya data kati yenu. Wote wawili mtumie toleo moja la emuleta na faili lilelile hasa, vinginevyo hamtaonana kabisa au mtaachana katikati. Aliye karibu na ruta akae kwa waya kama inawezekana. Dar na Nairobi inachezeka vizuri usiku. Dar na Toronto utahisi kama upo kwenye flati mbovu (tazama swali la kuchelewa), na mashuti ya kichwa ndo yanayoumia kwanza.

Umeme umekatika katikati ya mashindano, nimepoteza yote?

Gemu haihifadhi yenyewe, inakupa paswedi ukishinda mechi. Zamani tulikuwa tunaandika nyuma ya daftari na ukikosea herufi au namba moja imekula kwako. Siku hizi piga picha kioo kwa simu kabla hujabonyeza chochote, na kwenye TV ya chogo piga mara mbili tatu, kwa sababu picha moja inaweza kutoka na mstari mweusi umepita juu ya paswedi yenyewe.